Makaburi Nje ya Uzio wa Voi

Mazungumzo ya leo kuhusu nchi jirani yanauhusu mji wa Voi, nchini Kenya. Msafiri anayetoka Moshi akavuka mpaka Holili, akaipita Taveta na kuzikata mbuga za Tsavo, hufika Voi mahali ambapo barabara yake hukutana na barabara kuu na reli ya kutoka Mombasa kwenda Nairobi. Wengi hupita tu. Wachache hujua kwamba katika mji huo yapo makaburi ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, na wachache zaidi hujua kwamba makaburi hayo yako ya namna mbili.

Ndani ya uzio nyasi hukatwa, mistari imenyooka kama gwaride, na kila jiwe lina jina la aliyelala chini yake, na kikosi chake, na siku aliyokufa. Hao ni askari na maofisa wa Dola ya Kiingereza. Nje ya uzio ule ule ni vichaka na ardhi isiyo na alama yoyote. Huko nako wamelala watu. Wamelala Waafrika waliolitumikia jeshi lile lile, katika vita ile ile, wakafa katika kambi na hospitali zile zile. Hawana jiwe, hawana namba, hawana jina. Mwaka 2019 filamu moja ya televisheni ya Uingereza, iliyowasilishwa na mbunge David Lammy, iliwaonyesha watazamaji wa nchi hiyo tofauti hiyo kwa macho yao, na mjadala uliozuka haujesha mpaka leo.

Ili kuuelewa uzito wa jambo lenyewe, hapana budi kukumbuka vita hiyo ilifikaje Voi.

Mwezi Agosti mwaka 1914 Wajerumani waliokuwa wakiitawala Tanganyika walivuka mpaka na kuuteka mji wa Taveta. Kutoka hapo walikuwa wakipeleka doria kwenda kuilipua Reli ya Uganda, ambayo ndiyo iliyokuwa uti wa mgongo wa koloni la Kiingereza. Mwaka 1915 Waingereza wakaanza kujenga reli ya kijeshi kutoka Voi kuelekea magharibi, ikapita Maktau, na hatimaye mwaka 1916 ikaungana na reli ya upande wa Moshi. Voi basi ikawa ndio mlango wa vita: kambi, bohari, hospitali na, kama ilivyo desturi ya mahali penye hospitali ya vita, makaburi.

Tarehe 12 Februari 1916 brigedi ya askari weupe wa Afrika Kusini ilitumwa kukiteka kilima cha Salaita, karibu na Taveta. Brigedi hiyo ilikuwa ngeni nchini, na ilimdharau Mwafrika na Mhindi kwa pamoja. Ilipokaribia kilima ilipokewa kwa risasi za askari Waafrika wa jeshi la Kijerumani, ikarudi nyuma kwa vurugu, na waliozuia maafa yasizidi walikuwa Wabaluchi wa jeshi la Kihindi, wale wale waliokuwa wakidharauliwa. Mwezi mmoja baadaye yalifuata mapigano ya vilima vya Latema na Reata. Wengi wa weupe waliokufa Salaita wamezikwa Taveta, katika makaburi ya kijeshi yanayotunzwa vizuri hadi leo. Kila mmoja ana jina.

Lakini vita ya Afrika Mashariki haikupiganwa kwa bunduki peke yake. Ilipiganwa kwa mabega. Ndugu wapiganaji wanaijua vyema habari ya ugavi, hivyo hesabu ifuatayo haitawashangaza. Zaidi ya kichwa cha reli hapakuwa na barabara za kufaa, na farasi, nyumbu na ng'ombe waliangamizwa na mbung'o. Kilichobaki ni kichwa cha mwanadamu. Chukua mfano wa mpagazi aliyebeba kilo 25 za unga, naye anakula kilo moja kwa siku. Akienda safari ya siku 10 na kurudi siku 10, yeye mwenyewe atakuwa amekwisha kula kilo 20 za mzigo wake. Askari aliyeko mbele atapata kilo 5. Kwa kadiri majeshi yalivyosonga kusini, kuufuata mto Rufiji, hata kuingia Msumbiji, ndivyo wapagazi walivyozidi kuhitajika, na wapagazi wengine wa kuwalisha wapagazi hao.

Waingereza waliunda kikosi kilichoitwa kwa lugha yao Carrier Corps. Waswahili wakalichukua jina hilo wakalitamka kwa namna yao, likawa Kariakoo. Ndiyo asili ya Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Maelfu ya watu hununua vitunguu na kanga katika masoko hayo kila siku, wakitaja pasipo kujua jina la kambi ya watu waliokwenda na wasirudi.

Mwanzoni walikuwapo waliojiandikisha kwa hiari. Baadaye sheria ya mwaka 1915 iliwapa watawala wa Kenya uwezo wa kuwatoa watu kwa nguvu, na mwaka 1917 ukaja msako mkubwa ambapo machifu waliamriwa kutoa idadi fulani ya vijana kutoka kila mtaa. Watu zaidi ya 100,000 walizolewa katika miezi michache tu. Kwa ujumla, upande wa Waingereza peke yake uliwatumia wapagazi wapatao milioni moja kutoka Kenya, Tanganyika, Uganda, Malawi, Zambia, Msumbiji, Kongo na hata Afrika ya Magharibi. Idadi ya waliokufa inayotajwa mara nyingi na wanahistoria ni 95,000 au zaidi. Si risasi iliyowaua wengi wao. Waliuawa na kuhara damu, malaria na kichomi. Waliuawa na baridi ya milimani bila blanketi la pili, na unga wa mahindi usioiva waliopewa watu ambao tangu kuzaliwa walikuwa wakila ndizi au wali. Upande wa Wajerumani hali haikuwa bora. Huko wapagazi walichukuliwa vijijini bila hata kuandikishwa, na hesabu ya vifo vyao haitapatikana kamwe.

Sasa linakuja swali la makaburi.

Mwezi Mei mwaka 1917, vita ikiwa bado inapamba moto, iliundwa mjini London tume ya kuyatunza makaburi ya wanajeshi wa Dola nzima. Leo yaitwa Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Msingi wake ulikuwa mzuri sana, na kwa wakati ule ulikuwa wa ajabu: kwamba kila aliyekufa akumbukwe kwa jina lake, juu ya jiwe au juu ya ukuta wa kumbukumbu, kwamba mawe yawe ya namna moja, ya jenerali na ya kuruta, na kwamba pasiwe na ubaguzi wa cheo, wa dini wala wa rangi. Huko Ulaya ahadi hiyo ilitimizwa kwa kiasi kikubwa. Mtoto wa bwana mkubwa na mtoto wa mchimba makaa walilazwa bega kwa bega, jiwe moja.

Ahadi ilipofika Afrika Mashariki ikageuka. Katika miaka ya 1920 wakubwa wa tume na magavana wa makoloni waliandikiana barua na kukutana, na barua hizo zipo. Gavana wa Gold Coast, ambayo sasa ni Ghana, Bwana Guggisberg, aliwaambia mwaka 1923 kwamba mwenyeji wa kawaida wa koloni lake asingeelewa wala kulithamini jiwe la kaburi. Kuhusu Tanganyika yaliandikwa maneno yanayotia uchungu zaidi: kwamba kwa maoni ya utawala, makaburi makubwa ya wapagazi ya Dar es Salaam na kwingineko yaachwe yarudi kuwa pori upesi iwezekanavyo, na kwamba haipendezi kuzitazama takwimu za Waafrika waliopotea. Msikilizaji na ayapime maneno hayo. Hayasemi kwamba makaburi hayajulikani yalipo. Yanasema kwamba yanajulikana, ni makubwa, na yaachwe.

Ndivyo ilivyofanyika. Badala ya mawe na majina, zikasimamishwa sanamu tatu za shaba nyeusi, moja Mombasa, moja Nairobi na moja Dar es Salaam. Ile ya Dar es Salaam, iliyozinduliwa mwaka 1927, ndiyo sanamu ya Askari inayojulikana na kila mkazi wa jiji hilo. Ni sanamu nzuri. Chini yake pana maneno ya Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu yanayomwahidi askari kwamba akifa kwa ajili ya nchi yake, wanawe watalikumbuka jina lake. Jina lenyewe halikuandikwa. Ni vigumu kupata mfano mwingine wa ahadi iliyovunjwa juu ya jiwe lile lile lililochongwa ahadi hiyo.

Hoja ya kwamba Mwafrika hana haja na kaburi lenye alama haihitaji maneno mengi kuijibu. Inatosha kutazama nchi yenyewe. Si mbali na Malindi, katika magofu ya mji wa Gede, lipo kaburi lililochongwa mwaka wa 802 Hijria, yaani mwaka 1399, kabla meli yoyote ya Kizungu haijaonekana katika bahari hii. Huko huko Taita, juu ya mji wa Voi, wenyeji walikuwa na desturi ya kuwafukua wazee wao baada ya muda, na kuyahifadhi mafuvu yao katika mapango, kila ukoo na pango lake; baadhi ya mapango hayo yapo hadi leo. Ni kweli kwamba desturi za Waafrika hazikuwa sawa. Wakikuyu wa zamani, kwa mfano, waliwazika wachache, hasa wazee wenye heshima, na maiti za wengine zilipelekwa nje ya boma. Lakini watu hao hao humpa mtoto jina la babu au bibi yake, ili jina lisitoke katika nyumba. Ati hao ndio wasiojali majina ya wafu wao!

Mnamo tarehe 22 Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita, baada ya kuunda kamati maalumu, ilitoa taarifa ya kuyakiri hayo yote. Taarifa hiyo ilikadiria kwamba watu kati ya 45,000 na 54,000, wengi wao Wahindi, Waafrika wa Mashariki na Magharibi, Wamisri na Wasomali, walikumbukwa kwa namna isiyolingana na wenzao weupe. Tena wapo wengine wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, ambao hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Siku hiyo hiyo Waziri wa Ulinzi wa Uingereza, Ben Wallace, alisimama Bungeni akaomba radhi. Novemba 2023 Mfalme Charles wa Tatu, alipoitembelea Kenya, alikwenda kwenye makaburi ya vita ya Kariokor, Nairobi, na wakongwe wa Vita Kuu ya Pili wakakabidhiwa upya nishani zao.

Radhi ni jambo jema. Lakini tofauti kati ya 116,000 na 350,000 ni watu 234,000. Serikali inayoomba radhi bila kujua kama imewapoteza watu laki moja na ushei au laki tatu na nusu, inaomba radhi kwa umati, haijaomba radhi kwa mtu. Kazi yenyewe ndiyo kwanza inaanza, nayo ni kazi ya karani kabla ya kuwa kazi ya mwashi.

Na hapa ndipo habari hii inapowagusa hasa wasikilizaji wa leo. Kwa miaka mingi iliaminiwa kwamba madaftari ya askari wa jeshi la Keya, yaani King's African Rifles, yaliharibiwa au yamepotea. Mwaka 2024 ikatangazwa kwamba sehemu ya kumbukumbu hizo ingalipo, na kwamba walioitunza ni Majeshi ya Ulinzi ya Kenya yenyewe. Humo yakapatikana majina ya askari zaidi ya 3,000 wa Afrika Mashariki waliokufa katika Vita ya Kwanza. Wakoloni waliondoka mwaka 1963. Makaratasi yalibaki katika kambi, yakarithiwa na jeshi la nchi huru, na kwa zaidi ya miaka 60 makarani na watunza bohari ambao hakuna anayewajua walijizuia kuyachoma, kuyauza kwa wafunga karanga au kuyatupa ili kupata nafasi ya majalada mapya. Mali bila daftari hupotea bila habari, wasema wahenga, na ni kweli vilevile kwa maiti.

Katika karatasi kama hizo jina huwa halikai peke yake. Huambatana na namba ya askari, kombania yake, mahali alipotoka, chifu wake, wakati mwingine jina la baba au la mke. Mtafiti akiwa na vitu hivyo anaweza kwenda mpaka kijijini na kuuliza. Yako mambo ya kushangaza yanayoweza kutokea. Kikosi cha 6 cha Keya, kilichoundwa mwaka 1917, kiliingiza askari waliokuwa wametekwa wakipigana upande wa Wajerumani. Haikatai basi mtu mmoja akakutwa katika madaftari ya pande mbili, kwa tahajia mbili, na watu wakadhani ni wawili. Karani wa Kiingereza aliandika alivyosikia, na hakusikia vizuri. Ndiyo sababu mtu anayelijua jina kwa matamshi ya kwao ana thamani katika kazi hii kuliko mashine.

Mashine hata hivyo zina nafasi yake. Ramani za zamani za kambi huwekwa juu ya picha zilizopigwa kutoka angani, na hapo huonekana ni wapi palikuwa na hospitali ya wapagazi na ni wapi palikuwa na uwanja wa maziko. Kuna chombo kinachosukumwa juu ya ardhi kama toroli, kinachopeleka mawimbi chini na kuonyesha mahali udongo uliposumbuliwa, bila kufukua mfupa hata mmoja. Kisha huja kazi ya miguu: kutembea mstari kwa mstari, kupima, kupiga picha kila jiwe likiwapo, kuandika kila herufi kama ilivyo, hata iliyokosewa, na kuweka nakala zaidi ya moja katika mahali zaidi ya pamoja. Anayesafisha jiwe hatumii tindikali wala brashi ya chuma; akifanya hivyo atalifuta jina alilokuja kuliokoa. Na kabla ya yote hayo huulizwa wazee, maana mashahidi wenyewe wamekwisha kufa. Waliobaki ni wajukuu waliosimuliwa, nao wamezeeka. Jalada linaweza kungoja miaka mingine kumi likiwa pakavu. Mzee wa miaka 85 haweki ahadi hiyo.

Umezuka ubishi kuhusu nini kifanyike mahali kama Voi, na ubishi huo si wa kupuuzwa. Wapo wanaosema yasimamishwe mara moja mawe meupe nje ya uzio, sawasawa na yale ya ndani, ili aibu iondoke. Hoja hiyo ina mvuto, hasa kwa mwanasiasa anayetaka kukata utepe. Walakini jiwe lililowekwa juu ya kaburi lisilojulikana ni la nani, na katika mstari uliokisiwa tu, litakuwa uongo wa pili juu ya uongo wa kwanza. Bora orodha itangulie jiwe. Mahali palipo na miili ambayo haitajulikana, palindwe, pawekwe mpaka, na paandikwe ukweli kwamba hapa wamelala watu na nani aliyeamua wasiandikwe. Uzio nao usogezwe. Hilo halihitaji utafiti wowote.

Mfano wa kufuatwa umekwisha onekana Cape Town. Huko, mwezi Januari 2025, ulizinduliwa ukumbusho wa Waafrika wa Afrika Kusini zaidi ya 1,700 waliokufa katika Vita ya Kwanza wakifanya kazi za uchukuzi na vibarua vya kijeshi, wengi wao katika vita ya huku huku Afrika Mashariki. Serikali ya makaburu wa wakati ule haikukubali kuwapa bunduki, na baada ya vita haikukubali kuwapa jina. Wajenzi wa ukumbusho huo hawakujifanya kujua makaburi yalipo. Walisimamisha nguzo za mti wa mvule, nguzo moja kwa mtu mmoja, na kila nguzo ina jina lake na tarehe ya kufa. Mtu akipita katikati yake anapita kati ya watu. Majina yale yalipatikana kwa sababu yalikuwa yamehifadhiwa katika madaftari ya serikali; bila daftari zisingekuwapo nguzo.

Kwa upande wa Kenya, Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inaipa Serikali uwezo wa kuyalinda mahali pa historia. Sheria ni silaha nzuri, lakini silaha hailindi lindo bila mlinzi. Adui wa makaburi ya zamani siku hizi si gavana mwenye kalamu. Ni tingatinga la mkandarasi anayechimba msingi Jumamosi jioni. Ni mtu anayejikatia kiwanja kwa hati ya kughushi kwa kuwa ardhi haina mwenyewe anayepiga kelele. Ni mwizi wa vibao vya shaba anayeviuza kwa kilo kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Hawa wote ni wateja wa polisi kabla ya kuwa habari ya wanahistoria. Mifupa ikionekana katika shimo la ujenzi, mtu wa kwanza kuitwa ni askari wa kituo, na mengi hutegemea atakayoyafanya katika saa moja ya kwanza: kama atasimamisha kazi, atapima mahali, ataandika katika kitabu cha kituo vitu vilivyoonekana pamoja na mifupa, kibao cha namba, kifungo, kijiko, na kuwaita watu wa makumbusho, ama atakubali mifupa ikusanywe katika gunia na kuzikwa pembeni ili gari la zege lisichelewe. Askari huyo huenda asijue kwamba kibao kile chenye namba ndicho pekee kinachoweza kumtoa marehemu katika ile tofauti ya watu 234,000.

Mambo haya hayakomei Voi wala hayaishii kwenye mpaka. Vita ile haikuujua mpaka wa Holili isipokuwa kwa siku chache za mwanzo. Mpagazi aliyechukuliwa Machakos huenda amelala Mahenge, na aliyechukuliwa Tabora huenda amelala ng'ambo ya Ruvuma. Mjerumani wa mwisho alikabidhi silaha tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala, Zambia, siku kumi na nne baada ya amani kutangazwa Ulaya, na wapagazi wa pande zote mbili walikuwa wangali wakifa njiani. Daftari litakalofunguliwa Nairobi basi litakuwa na majina ya vijiji vya Tanzania, Uganda na Malawi. Nchi hizo zitahitaji makarani wa kulipokea na kulisoma, na si ajabu bohari za kambi zao nazo zina makasha ambayo hayajafunguliwa tangu bendera zilipobadilishwa.

Limebaki jambo moja ambalo husahauliwa katika mazungumzo ya mawe na sanamu, nalo ni fedha. Mpagazi aliahidiwa mshahara. Alipokufa, mshahara wake ulibaki kazini ukingoja warithi. Warithi hawakuja, kwa kuwa jina lilikuwa limeandikwa vibaya, au namba ilikuwa imepotea, au hakuna aliyewapelekea habari kwamba mtu wao amekufa. Baada ya vita wapo maofisa waliosema kwamba fedha hizo zirudishwe kwa watu wa makabila yaliyowatoa, mmojawapo akiwa Oscar Watkins, mkuu wa kikosi chenyewe cha wapagazi. Mabishano yakaendelea kati ya Nairobi na London mpaka miaka ya 1930, na fedha hazikuwafikia wajane. Mjane huyo hakuwa na haja na jiwe jeupe. Alikuwa na haja ya mtu wa kumwambia kwamba mumewe amekufa Voi, siku fulani, kwa kuhara damu, ili aache kumngojea. Wapo waliongojea mpaka wakazeeka, na katika baadhi ya nyumba za Ukambani, Kavirondo na Usukuma simulizi la babu aliyekwenda Kariakoo bado husimuliwa kama habari ya mtu aliye safarini.